Mwami Ana Mafua

Mimi ndiye niliyempokonya baba yangu ufalme, na sikutumia hata mkuki. Nilitumia simu yake mwenyewe, Jumamosi asubuhi, kabla ya chai.

Shangazi alikuwa amepiga kutoka kwetu Kivu. Alisema maneno matatu tu, "Mwami ana mafua," na baba akakaa chini kwenye zulia kama mtu aliyekatwa miguu. Mama akanivuta jikoni, akaninong'oneza kwamba babu amefariki. Babu ndiye alikuwa mwami, mfalme wetu. Usicheke. Milima mitano, na ng'ombe ambao askari wa kila upande walishawala wote. Lakini mwami ni mwami.

Baba ni mzaliwa wa kwanza. Hapa Louisville anapakia maboksi ghalani, na vidole vyake havielewani na kioo cha simu, kwa hiyo mwandishi wa ikulu nilikuwa mimi.

"Andika kwa kundi la familia," akasema. "Andika: Mzee ana mafua. Tuombe."

Akaenda kuoga, asilie mbele yetu.

Mafua! Mtu amekufa, tunaandika mafua? Babu nilimkumbuka kidogo sana: koti zito, harufu ya moshi na maziwa, na siku aliyonitemea mate kwenye paji la uso kunibariki, nikalia kama nimechapwa. Nilikuwa na miaka mitano. Nilitamani mtu amlilie wazi, hata mara moja. Basi nikasahihisha. "Baba yetu amekufa." Nikaongeza mishumaa mitatu. Nikatuma.

Simu ikalia baba hajamaliza kujifuta maji. Alikuwa baba mdogo wa Columbus, na sauti yake ilikuwa furaha iliyoazima nguo za msiba.

"Mkubwa! Donc ni wewe umelitamka neno! Wewe mwenyewe!"

Hapo ndipo nilipofundishwa somo ambalo mwalimu wangu wa historia hana habari nalo. Kwetu mwami hafi. Anaumwa mafua mpaka mrithi akalishwe kitini. Atakayelitamka neno lile kabla, nyumba yake imerukwa, haitoi mrithi. Hakuna rufaa.

"Papa, tuwaambie ni mimi niliandika."

"Simu ni ya nani?"

"Yako."

"Na wewe ni wa nani?"

Nikamrudishia simu bila ubishi. Kwangu mimi, hiyo ni ajabu.

Wiki mbili baadaye tukakutana Columbus, nyumbani kwa baba mdogo huyo, kule Reynoldsburg. Baba mdogo wa mwisho aliendesha gari kutoka Buffalo. Baba yangu alikaa karibu na mlango, penye viatu, na wadogo zake wakagombana saa nzima.

"Mimi ni wa pili. Maneno yameisha," akasema wa Columbus.

"Wa pili kuzaliwa, wa kwanza kukimbia! Nani alimvusha mzee mto mgongoni?"

"Wewe? Ni yeye alikuvusha, ukimlilia masikioni!"

Hata baba alicheka. Kisha shangazi, kwenye simu iliyolazwa kati ya sahani za samaki, akauliza:

"Bon. Nani anarudi kukaa huku kwetu?"

Wa Columbus alikuwa na mtihani wa uraia. Wa Buffalo alikuwa amepata kazi nzuri kiwandani Lackawanna. Mmoja akatazama dari, mwingine akachambua mwiba wa samaki ambao haukuwepo. Aliyeinua kichwa ni baba peke yake. Miaka yote alitusimulia ukungu wa asubuhi mlimani mpaka tukaukinai, mimi nikimwigiza nyuma ya mgongo wake. Kumbe mtu alikuwa anajiandaa.

"Mimi ningekuja, dada," akasema polepole.

"Najua. Lakini ulilitamka neno."

Shangazi akasema basi, atakifunika kiti kwa kitambaa. Akakata simu.

Jumatatu baba alirudi kwenye maboksi yake. Nilibaki nikimsaidia mama kukunja nguo, nikatafuta pa kujifichia.

"Lakini mama, wewe angalau umefurahi. Si kila siku ulikuwa unaucheka ufalme wao? Sasa papa hatuachi."

Alikunja shati la baba, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilikuwa naucheka, ndiyo," akasema. "Na sanduku langu la kurudi naye nilikuwa nimeshalifunga."