Kifaru Kilichomkimbiza Babu

Babu alikuwa na miaka minane au tisa alipomwacha dada yake kisimani. Haikuwa siri nyumbani kwetu. Watoto wote tulikua tukilijua jambo hili kama tulivyojua majina ya mababu zetu: vita vya Waingereza na Waitaliano, malisho ya upande wa Balambala, msichana wa miaka minne mwenye homa akiwa mgongoni mwa kaka yake, kisha kitu cha chuma kikatokea katikati ya vumbi, kina mnara na mdomo wa bunduki. Babu alimtua dada yake akakimbia. Kambi nzima ilikimbia. Waliporudi siku ya tatu hawakupata cha kuzika. Mama yake aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakumwita tena kwa jina. Alimwita "yule".

"Kilikuwa chuma," babu alimalizia kila mara. "Mtoto afanye nini mbele ya chuma?"

Nilimaliza chuo nikarudi Garissa na shahada ya historia. Kazi sikupata. Nilikaa kwa shangazi yangu, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, na babu alikuwa anaishi hapo hapo, jicho moja limekufa, la pili linaona nusu. Siku nzima nilikuwa kwenye simu. Nikiandika barua ya kuomba kazi niliisoma mara tisa, nikaifuta, nikaanza upya, na tarehe ya mwisho ikanipita.

Picha niliikuta kwenye ukurasa wa watu wa ng'ambo wanaopenda magari ya kale ya vita. Mjukuu wa askari mmoja wa Kizungu alikuwa ameweka albamu ya babu yake. Chini ya picha moja liliandikwa jina la Balambala, limekosewa herufi mbili, na mjukuu akauliza kama kuna anayejua gari hili ni la aina gani. Hakuna aliyejua.

Nilikuza picha nikamshikia babu karibu na jicho lake linaloona. Aliisogeza simu mpaka ikagusa kope zake.

"Ndicho," alisema. "Wewe umesoma miaka minne. Nisomee hiki. Ni chuma cha wapi?"

Kwa wiki tatu sikufanya kazi nyingine. Magurudumu yalikuwa ya lori la kawaida, na boneti vilevile. Lakini mwili uliokaa juu yake haukufanana na deraya yoyote niliyoiona: umeviringana kama kobe, umepandiwa na mnara mdogo, na kila upande umepitiwa na safu za nukta nyeusi. Nilizihesabu zile nukta mara nyingi, kila mara nikapata idadi tofauti, na nikashindwa kulala kwa sababu yake. Mwishowe niliamua ni ribiti, zile pini za kuunganishia vyuma. Niliandika maelezo marefu mtandaoni: ni gari la deraya lililoundwa karakanani juu ya lori, kwa vyuma vilivyopindwa. Watu wawili walinisifu. Nilizisoma sifa hizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

"Awowe," nilimwambia babu, kwa neno letu la "babu", ambalo naye huniitia mimi, kama ilivyo desturi kwetu. "Ni chuma. Kinene kama kidole changu."

Siku hiyo aliomba nyama, yeye ambaye kwa miezi alikuwa anakunywa chai tu. Wiki hiyo aliwaambia wazee wote msikitini kwamba mjukuu wake amekisoma kile kitu, na kimesomeka chuma.

Siku chache baadaye shangazi alirudi kutoka sokoni, akaketi kwenye mkeka karibu na simu yangu iliyokuwa wazi. Aliitazama picha huku akivua viatu.

"Waryaa, wewe kijana, nani amepakia nyumba juu ya lori?"

"Ni deraya, eddo."

"Deraya ya nyoko!" Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mimi nimejenga nyumba ya kuhama tangu kifua kiote. Hizi ni fito zimepindwa. Hii ni mikeka, imepakwa tope. Na hivi vidoa vyako ni mafundo ya kamba. Tazama hapa, aliyefunga alikuwa na haraka, ameruka ufito. Angekuwa binti yangu ningempiga."

"Na mdomo wa bunduki?"

"Mti. Si unaliona jicho la tawi? Chuo kizima hawakukufundisha kuona mti?"

Nilikuza picha tena, na nilipokwisha kuambiwa sikuweza kuona kitu kingine. Niliuliza kule mtandaoni. Mtu mmoja akajibu kwamba Waingereza walitengeneza vifaru vya uongo ili ndege za Waitaliano zivihesabu. Bila shaka waliwapa kazi hiyo wanawake wa kwetu, kwa kuwa wanaume wa kwetu hawajui kufunga fito za nyumba. Mimi pia sijui. Ndiyo maana niliona ribiti.

Shangazi aliacha kucheka alipomsikia babu akikohoa chumbani.

"Kwa Wazungu wako sema utakavyo," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa funga mdomo. Mzee anakula."

Nilifunga mdomo siku nne. Nilijiambia ana haki ya kujua. Nilijiambia atasikia kwa mwingine, ataumia zaidi. Nilijiambia mtu mzima hadanganywi. Sababu zote zilikuwa nzuri na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Kilichonikera ni kwamba babu alikuwa anatembea mjini na kosa langu, akilitaja pamoja na jina langu.

Baada ya sala ya alasiri nilikaa mbele yake.

"Awowe, nilikosea. Si chuma. Ni fito na mikeka, imefungwa kwa kamba. Ilikuwa nyumba."

Aliuliza, "Zile kamba zingekatika kwa kisu?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa na kisu," alisema.

Niliongeza haraka kwamba alikuwa mtoto, kwamba hata watu wazima walikimbia. Alinyanyua mkono nikanyamaza. Shangazi alikuwa mlangoni, na jinsi alivyonitazama siku hiyo ndivyo anavyonitazama mpaka leo.

Tangu hapo babu hali nyama. Wazee wakija kumjulia hali ananiita, hata nikiwa bafuni. Ananikalisha katikati yao.

"Waambie kile kitu kilikuwa nini."

Ninawaambia. Juzi mmoja wao, mgeni kutoka Takaba asiyejua habari zetu, alicheka mpaka chai ikamwagika. "Wallahi, watu wa huku mlikimbizwa na nyumba ya mke wangu!"

Babu alicheka naye. Sijawahi kumsikia akicheka vile. Nilisimama niondoke, akanishika kanzu.

"Kaa," alisema. "Bado hujamwambia nani alibaki kisimani."