Mtoto Aliyepimwa Amelala

Wanaosema sisi mafundi cherehani tuna maneno mengi, leo wanikalie kimya. Hili silisimulii kwa kunogesha baraza. Limenitokea mimi, mchana kweupe, macho yangu yakiwa wazi, na laiti ningekuwa naota.

Nashona nguo za watoto pale Kwa Mathias, Kibaha. Shemeji yangu anatengeneza magari, na magari ya kutoka Japani huja na vitu vya watu vilivyosahaulika: miavuli, soksi, vikombe. Siku moja akakuta chini ya kiti kitabu cha mishono ya watoto, akaniletea. Kijapani sijui hata salamu, lakini picha zinaonekana na namba zinasomeka. Nyuma ya kitabu kuna karatasi kubwa iliyokunjwa, mistari imepandana mpaka kichwa kinauma, nawe unafuatisha mstari wako mmoja juu ya karatasi nyingine. Gauni la kwanza lilimbana mtoto wa watu mpaka akalia, kumbe wenzetu hawaweki nafasi ya mshono, unaiongeza mwenyewe.

Na kuna jambo jingine, ndilo lililoniponza. Wao hawataki miaka. Sisi mteja akisema mtoto ana miaka minne, tunakadiria, maisha yanaendelea. Wao wanataka urefu, kutoka utosini hadi kisiginoni. Mtoto wa sentimita mia anakatiwa karatasi ya mia. Nilipolizoea hilo nikawa natamba nalo. Kila mtoto aliyeingia nilimsimamisha kwenye mlango na kumpima.

Sasa sikiliza. Ilikuwa alasiri ya mvua, umeme umekatika, wateja hakuna. Mwanangu Zawadi, wakati huo ana miaka minne, alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya cherehani. Homa ndiyo kwanza imemshuka. Akaingia mama mmoja wa rika langu, amembeba mtoto mgongoni, kamfunika khanga gubigubi. Nje inanyesha ya kumwaga, lakini khanga ile haikuwa na tone. Nililiona hilo? Niliona. Nikajiambia ameshuka kwenye gari.

Akafunua kitabu, akaweka kidole kwenye gauni lenye kola ya duara na mifuko miwili.

"Nishonee hili, fundi. La mwanangu Mwajuma."

"Mwamshe basi asimame nimpime."

"Huyu hasimami, dada. Mpime hivi hivi amelala."

Nikakataa. Kwetu anayepimwa amelala ni maiti, anapimiwa sanda. Hata fundi asiye na dini analijua hilo. Hakubisha. Akamshusha mtoto wake taratibu, akamlaza mkekani ubavuni kwa Zawadi, nyayo kwa nyayo.

"Basi mpime wa kwako. Si unaona wanalingana? Fanya haraka, gari la Kisarawe litaniacha."

Nikawaza, wangu si maiti, wangu kalala tu. Kumwamsha mtoto aliyetoka kwenye homa kwa ajili ya namba? Niliitaka namba, niamini, sikuwaza kingine. Nikashika futi kisiginoni kwa mwanangu. Yule mama akainama, akashika ncha ya pili utosini, bila kuombwa.

"Mia," akasema. "Mia inatosha."

Mkono wangu ukagusa mguu wa yule mtoto mwingine. Ulikuwa wa baridi, na haukusogea. Kabla sijafungua mdomo, mama kambeba wake na yuko mlangoni. Akasema kama hatorudi, nimpelekee kijijini Maneromango, huko Kisarawe, niulizie kwa mama Mwajuma.

Nikajiambia ni baridi ya mvua tu. Gauni nikalishona, likatoka zuri. Wiki zikapita, hakuja. Shangazi yangu anaishi hukohuko Maneromango, nikasema nitaenda kumsalimia na kulifikisha. Njia ilikuwa tope tupu, nikafika nimechafuka mpaka kichwani.

"Shikamoo shangazi. Hivi mama Mwajuma anakaa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mama Mwajuma yupi? Huku tulikuwa na mmoja tu, na tulishamzika tangu mwaka jana."

Alinieleza pole pole, huku akilitazama gauni mikononi mwangu. Mwajuma alitangulia, akiwa na miaka minne. Mama yake hakukaa sana, akamfuata. Na kabla hajafa alikuwa akililia jambo moja: kwamba wenzake Mwajuma wanakua, wanampita, naye anabaki vilevile mdogo. Akimwona mtoto wa rika lile njiani, anauliza, "Na huyu naye atampita mwanangu?"

Kisha shangazi akaniuliza, "Gauni hili ulimpima mtoto gani?"

Nikalikunja gauni, nikamwomba anipeleke kwa Mwajuma. Tulienda makaburini, nikaliweka gauni juu ya kile kikaburi kidogo, nikarudi Kibaha nikidhani nimemaliza.

Idd iliyofuata nikamkatia Zawadi karatasi ya mia na kumi. Gauni likaburuta chini. Nikarudi kwenye mia, likamkaa barabara. Mwaka mwingine vivyo hivyo. Hospitali wamempima damu, mifupa, kila kitu, wanasema mtoto mzima. Amesomewa dua mpaka wasomaji wamechoka. Ile karatasi ya mia nimeichoma, haikusaidia. Nimerudi Maneromango nikampigia magoti mtu aliyekufa, nikamwambia, mama mwenzangu, nimekuelewa, sasa niachie wangu. Upepo hata haukutikisa majani.

Leo Zawadi yuko darasa la nne. Akili anayo, anasoma kuliko wenzake, lakini wageni wanampeleka darasa la awali kwa kumshika mkono. Mdogo wake Salumu ameshampita. Mashati yanayombana Salumu ndiyo anayoyavaa dada yake. Umewahi kuona nguo za mdogo zikirithiwa na mkubwa? Baba yao ameacha kuniuliza kitu. Nami nimekata tamaa, sina sababu ya kukuficha.

Kitabu bado ninacho, na bado nashona, maana watoto wa watu wanavaa. Lakini wewe unayenisikiliza, iwe ni fundi au ni mzazi tu, mtoto wako akilala mwache alale. Msubiri aamke, asimame kwa miguu yake, ndipo utoe futi. Na mtu usiyemjua akitaka kumlinganisha mwanawe na wako, mnyime, hata akilia.

Wangu anasimama mlangoni kila asubuhi kabla ya shule. Anaegemeza kisogo kwenye fremu, ananyoosha shingo, anabana visigino kama nilivyomfundisha. "Mama, nimeongezeka?"

Namwambia ndiyo, kidogo.