Taa ya Baraza la Arlene

Haya ni kweli kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Nikiongopa, ulimi ukauke.

Mwaka jana, jioni ya Halloween, ile sikukuu ya watoto kuvaa mavazi ya ajabu na kugonga milango wakiomba pipi, mimi Verlin, mzee wa miaka sabini na nne, nilijifunika shuka, nikagonga mlango wa nyumba yangu mwenyewe na kuomba pipi.

Sikuwa nimelewa. Nilikuwa naitetea nyumba.

Iko hivi.

Wiki moja kabla, binti yangu Corinne alikuja kunitembelea kutoka Columbus. Akafungua kabati la jikoni kutafuta sukari, akakuta mifuko mitatu ya pipi. Imefungwa vilevile kama ilivyotoka dukani.

"Baba, si uliniambia mwaka jana walikuja watoto hamsini?"

"Hamsini na wawili."

"Wakala nini?"

Nikalifunga kabati.

Ukweli ni kwamba tangu mke wangu Arlene afariki, miaka mitatu, hakugonga mtoto hata mmoja. Zamani zamu yangu kiwandani ilikuwa ya jioni, kwa hiyo Halloween aliishughulikia yeye. Alipoondoka, nikawa nakaa jikoni na mfuko wangu wa pipi mpaka king'ora cha zimamoto kilie saa mbili usiku, kwamba watoto warudi kwao.

Corinne akavuta kiti. "Huku hakuna anayekujua tena, Baba. Njoo ukae kwangu, nyumba tuiuze."

"Watoto watakuja."

"Haya. Wakifika kumi, sitaligusa tena suala hili. Wasipofika, unafungasha. Na nakujua wewe. Ukidanganya hata mtoto mmoja, umeshindwa."

Tukapeana mikono.

Jamani, nilipamba.

Mashuka ya zamani niliyajaza magazeti kichwani, nikayafunga shingo kwa uzi na kuning'iniza mizimu sita kwenye mti wa mbele. Mmoja wao nilimtoboa macho. Ovaroli yangu ya kiwandani niliishindilia majani makavu, nikaikalisha kwenye benchi barazani na boga juu yake likawa kichwa. Pamba ya mto niliivuta juu ya vichaka, ikawa utando wa buibui. Madumu ya maziwa niliyachora meno, ndani nikatia vitaa vya Krismasi.

Saa kumi na mbili king'ora kikalia, kwamba watoto waanze kuzunguka. Taa kubwa ya baraza niliiacha imezimwa ili madumu yang'ae, nikakaa kando ya yule mtu wa majani. Corinne alikuwa jikoni anapika maharage, masikio kayatega mlangoni.

Watoto wakaanza kupita makundi kwa makundi.

Wakapita kweli. Hakuna aliyekanyaga ngazi.

Saa moja, sifuri. Saa moja na robo, sifuri.

Nikawaza ule ukuta wa jikoni ambao Arlene alichora alama kila Corinne alipoongezeka kimo. Huwezi kuufungasha ukuta.

Nikamnong'oneza mtu wa majani, "Ndugu yangu, tumekwisha."

Ndipo mtoto mmoja aliyevaa kama nyuki akasimama getini.

"Mama, nyumba hii ndiyo nzuri kuliko zote."

"Twende, mwanangu. Taa ya baraza imezimwa, wenyewe hawataki wageni. Huyu mzee hajaiwasha tangu mkewe afe."

Nikawa kama nimemwagiwa maji.

Miaka mitatu. Kumbe hawakunisahau. Mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza.

Nikakurupuka. Nyuki akadhani mtu wa majani amefufuka, akapiga yowe la kuamsha mtaa. Nikawasha taa. "Rudi, mjukuu wangu. Pipi zipo."

Wakaja. Corinne akawa mlangoni anagawa, mimi kwenye benchi nahesabu kwa vidole. Nyuki. Maharamia wawili. Mchawi mwenye mafua. Mapacha waliovaa mikia ya mijusi. Mmoja ndani ya boksi akidai yeye ni trekta. Paka. Mwisho mwanaanga, kaongozana na mama mwenye koti nene aliyenipa mgongo.

Tisa.

Zilibaki dakika tano. Barabara tupu.

Nikajikaza kisabuni. Nikamshusha yule mzimu mwenye macho, nikamwaga magazeti, nikajifunika shuka. Nikakunja magoti niwe mfupi. Ngo ngo ngo.

Corinne akafungua. Hakulitazama shuka. Alitazama chini, kwenye ndara za manyoya alizoninunulia Krismasi.

"Na wewe nani?"

"Mzimu," nikasema kwa sauti nyembamba.

"Mbona magoti yanalia?"

"Nimezunguka nyumba nyingi."

Hakucheka. "Baba, yule mama wa koti nene alikuwa na kichanga kifuani. Alifungua koti nikakiona, kina kofia ya boga. Nikakipa pipi yake."

Nikahesabu upya. Kumi.

King'ora kikalia.

"Kwa hiyo nimeshinda," nikasema ndani ya shuka.

"Ulikuwa umeshinda. Halafu ukagonga."

Mkono nilitoa mwenyewe, kwa hiyo nilifungasha. Naandika haya nikiwa chumba cha nyuma, nyumbani kwa Corinne.

Pambeni kwa mashuka, pambeni kwa madumu, lakini mkitaka watu, washeni taa. Mkishaiwasha, kaeni kwenye benchi mtulie.

Hapa taa ya baraza ni kazi yangu. Mwaka huu wamekuja watoto hamsini na wawili.

Corinne amesoma hapo juu, anasema walikuwa ishirini na saba. Naosha vyombo wiki nzima.