Mbuzi Anayesema "Viatu Vyangu"

Mbuzi wetu alizaliwa kutokana na ubishi kuhusu Waturuki.

Tulikuwa watatu, tumekaa nyuma ya meza ya miraa. Meza ilikuwa ya mama yake rafiki yangu, msichana wa Kimeru niliyesoma naye shule ya msingi, ambaye sasa anafunga miraa kwa majani ya mgomba siku nzima huku simu yake ameiegemeza kwenye kopo la maji. Wa tatu alikuwa kijana wa Kiborana. Baba yake ni dalali katika soko la mifugo, na yeye humsaidia. Simuni kulikuwa na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na mwanamume mwenye ndevu nzuri alikuwa akimkana mchumba wake.

"Lakini huyu Mturuki," kijana wa dalali akasema, "mbona anaongea kama amezaliwa Lamu? 'La hasha, mpenzi.' Nani anasema la hasha?"

"Ndicho Kiswahili," nikasema.

"Ya nani?"

"Cha nani."

Rafiki yangu aliacha kufunga miraa akanitazama, kisha akamgeukia kijana wa dalali. "Si ulikuwa unatafuta Mturuki? Mwingine huyu hapa."

Ndivyo tulivyokuwa. Tulibishana kuhusu vitu vya watu wa mbali kana kwamba wangetuomba ushauri. Rafiki yangu aliamini kwamba katika tamthilia za Kikorea mvua hainyeshi mpaka mtu awe na jambo la kuomba msamaha, kwa hiyo hapa kwetu Isiolo, ambako mvua ni adimu, hakuna anayeomba msamaha. Kijana wa dalali alichukia nyimbo za mapenzi za Bongo: mwimbaji anasema anakufa kwa kukosa usingizi, na kwenye video yuko kando ya bwawa la kuogelea, amelala vizuri kabisa. Mimi nilikuwa na maoni juu ya kila kitu, lakini nilikuwa nikiyapima kichwani mpaka mazungumzo yanahamia kwingine.

Siku hiyo kijana wa dalali alitoa simu akatuonyesha mbuzi aliowarekodi sokoni akimngoja baba yake. Mmoja, mweupe mwenye sikio jeusi, alikuwa amesimama kando akiwatazama wenzake kwa dharau.

"Huyu ndiye Mturuki wangu," akasema. "Mtie sauti."

Nikasema bila kufikiri, jambo ambalo hunitokea kwa nadra: "Mimi nimetulia. Tazameni wenzangu wanavyosukumana. Viatu vyao vimejaa matope. Viatu vyangu ni safi."

Rafiki yangu alicheka mpaka mama yake akamuuliza kama ameanza kuila biashara.

Lazima nieleze kwa nini neno hilo "nimetulia" lilinitoka la kwanza. Tangu nihitimu chuo kikuu nimekuwa nikikaa katika duka la baba yangu la spea za malori. Kaunta ina wavu wa chuma kutoka mbao hadi dari, kwa sababu ya wezi, na mimi hukaa ndani ya wavu. Dereva husimama nje akataja beringi au fanbelti, nami huipitisha kwenye tundu la mraba. Kila nilipomwambia baba kwamba nataka kwenda Nairobi nikatafute kazi niliyosomea, alinijibu kwa upole, macho yake yakiwa kwenye spea: "Tulia kwanza, aabo." Kwetu Wasomali mzazi humwita mtoto kwa neno lile lile ambalo mtoto humwitia yeye. Mimi namwita aabo, yaani baba, naye ananiita aabo. Nilipokuwa mdogo nililiona neno hilo tamu. Siku hizi naona kwamba hata neno la kumwitia si langu peke yangu.

Rafiki yangu anasema nafikiri mno. Ni kweli. Niliwahi kuacha kutuma ombi la kazi kwa sababu sikuweza kuamua kama "Wako mtiifu" inanionyesha kama mtu mwaminifu au kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi. Tangazo likafungwa nikiwa bado naamua.

Lakini mbuzi hakuwa na shida hiyo. Kijana wa dalali alinitumia picha za video, mimi nikatia maneno, rafiki yangu akawa sauti za mbuzi wengine wote, wale wa Kiswahili cha mtaani: "Buda, songa huko, unakanyaga viatu zangu!" Tukaziweka mtandaoni. Uso wangu haukuonekana. Binamu yangu alipojirekodi akicheza muziki, baba alisema binti wa nyumba yake hataonekana kwenye simu za watu, na nilijua anamaanisha. Sauti hakuitaja. Niliwaza wiki nzima kama sauti ni sehemu ya kuonekana, na sikupata jibu, ila kuanzia hapo nikawa nikirekodi kwa kujificha.

Na sikuwa na mahali pa kujificha ila palepale dukani. Nyuma ya duka kuna stoo ya matairi. Matairi humeza kelele: ukiingia katikati yao, pikipiki na muadhini na wapiga debe wote hupotea, na sauti yako inabaki peke yake, safi. Baba alipokwenda msikitini kwa swala ya alasiri nilifunga kaunta, nikaketi chini kati ya matairi yaliyopangwa kunizidi urefu, nikawa mbuzi. Muda huo mfupi ulikuwa wangu. Nilijua akigundua ataufunga kama anavyofunga mlango wa stoo, kwa kufuli na bila kelele, na hapo nisingekuwa na chochote ila tundu la mraba.

Kisha nikaandika ile video ya hina.

Kijana wa dalali alikuwa amenitumia picha za mbuzi mwingine, wa kahawia, mwenye doa kubwa la rangi ya bluu mgongoni. Nimeona mbuzi wenye rangi tangu utotoni, wamejazana juu ya malori yanayosimama mbele ya duka letu, na sikuwahi kujiuliza. Nilidhani ni alama ya mwenyewe, au pambo. Nikamwandikia mbuzi huyo maneno ya majivuno: "Mimi nimetulia. Mmeuona mgongo wangu? Wengine wote wako vivi hivi. Mimi nimepakwa hina, kwa sababu kuna mahali nimealikwa. Msiniulize ni wapi. Gari langu linakuja jioni."

Video hiyo ilisambaa kuliko zote. Nilisoma maoni ya watu nikiwa nyuma ya wavu, na mwanzoni sikuelewa. "Ukifika Nairobi utusalimie sufuria." "Aliyeandika hii ana roho ya jiwe." "Harusi ya pilau hiyo, ndugu." Mmoja aliandika kwamba hajawahi kuona mtu akieleza maisha yetu kwa ukali kiasi hicho. Nilikwenda mezani kwa rafiki yangu nikiwa na simu mkononi. Kijana wa dalali alikuwepo, anatafuna, shavu moja limejaa.

"Kwa nini wanataja sufuria?" nikauliza.

Alihamishia miraa shavu la pili. "Kwani wewe ni wa hapa kweli? Mnunuzi akishamaliza bei, anapuliza rangi. Huyo ameuzwa. Rangi ya bluu ni ya mtu wa Nairobi. Jioni anapanda lori, asubuhi ni mchuzi."

"Na ulijua nilipokutumia maneno?"

"Nilijua. Nikasema, huyu dada leo amekuwa hatari."

"Sikuwa hatari! Sikujua!"

Rafiki yangu alishika tumbo. "Digrii," akasema akilia kwa kicheko. "Digrii nzima, na hajui mbuzi ameuzwa!"

Nilicheka nao, lakini nilirudi dukani nikiwa nimevurugika. Watu walikuwa wamesifu kitu ambacho sikukisema. Na kilichonisumbua zaidi ni hiki: nilipomwona mbuzi aliyetengwa na wenzake akingoja gari, haikunijia hata kidogo kwamba anaweza kuwa na bahati mbaya. Nilimwonea wivu.

Haikupita siku nyingi taniboi mmoja, utingo wa lori la mifugo, akaja kununua fanbelti. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki nje ya wavu, akinywa chai ya maziwa. Taniboi aliweka simu kwenye kaunta, video ikicheza, naye akicheka.

"Mzee, umeona huyu mbuzi? Anasema amepakwa hina!"

Sauti yangu ikatoka ndani ya simu, ikapita kwenye wavu, ikanirudia. "Mimi nimetulia." Mikono yangu ilikuwa na fanbelti na sikuweza kukumbuka ni ya nani. Baba aliinamia simu. Akatazama mpaka mwisho. Akacheka, kicheko kifupi cha puani, kisha akasema, "Rudisha."

Taniboi akarudisha. Safari hii baba hakucheka. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza injini ya mtu.

"Maskini," akasema. "Amepakwa rangi na anafurahi."

Nilitambua kwamba nikifungua mdomo, hata kwa bei ya fanbelti tu, sauti mbili zitakaa pamoja hewani na atazipima. Nikamwonyesha taniboi bei kwa vidole.

"Dada leo ni bubu?" akauliza.

"Koo," nikanong'ona, nikiligusa.

Nilikuwa bubu mpaka tulipofunga. Nilikuwa bubu nyumbani pia, na mama alinichemshia tangawizi ambayo sikuihitaji. Nilipanga maneno ya kujitetea, moja baada ya jingine: kwamba uso haukuonekana, kwamba halikuwamo neno la matusi, kwamba kijana wa dalali mimi namwona hadharani tu, mezani, mbele ya mama wa watu. Kila utetezi niliouunda ulikuwa na shimo, nami ndiye niliyekuwa nikilichimba.

Kesho yake asubuhi baba alifungua kufuli la duka, akainua mlango wa chuma, akaanza kupanga mikebe ya oili akinipa mgongo.

"Koo limepona, aabo?"

"Limepona, aabo."

"Vizuri." Akapanga mkebe mwingine. "Nimemfikiria yule mbuzi. Jana, kabla taniboi hajaondoka, alinionyesha na video zake nyingine huko nje. Mbuzi wote wengine kwa ile simu wanasema 'viatu zangu'. Dereva wangu anasema 'viatu zangu'. Mimi mwenyewe nasema 'viatu zangu'. Huyo mmoja tu anasema 'viatu vyangu'." Akafuta vumbi mikononi. "Isiolo hii, mtu wa kusema 'viatu vyangu' hata akiwa mbuzi, mimi najua mmoja. Nilimlipia karo."

Nilishika wavu.

"Aabo, uso haukuonekana," nikasema.

"Sijasema kitu juu ya uso." Aligeuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Yule taniboi anasema madereva wote wanamwangalia. Kutoka hapa mpaka Moyale. Sasa kwa nini huyo mbuzi hajawahi kutaja spea?"

"Spea gani?" nikauliza.

"Atangaze duka," akasema. "Tuna breki mpya. Aseme."

Rafiki yangu nilipomweleza alipiga kofi mezani. "Umeponea! Wewe unalia nini? Baba yako amekuwa prodyusa!" Kijana wa dalali alisema ningepaswa kumshukuru Mungu, baba yake mwenyewe angeitupa simu ndani ya zizi. Walikuwa na haki. Nilijaribu kuwaeleza kwamba ule muda mfupi wa alasiri ndio mahali pekee ambapo sikuwa dukani, ingawa nilikuwa dukani, na kwamba sasa hata mbuzi amewekwa ndani ya wavu. Nilipomaliza, nilisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa madogo. Rafiki yangu alinisogezea chai yake, hakunitania.

"Utamtumia mbuzi gani?" akauliza.

"Mwenye rangi," nikamwambia kijana wa dalali. "Nitafutie mwenye rangi ya bluu."

Alinitazama, akatabasamu polepole. "Safari hii unajua?"

"Safari hii najua."

Tulirekodi baada ya baba kurudi kutoka msikitini. Sikujificha tena. Mlango wa stoo uliachwa wazi na baba aliweka kiti chake cha plastiki kizingitini, kwa hiyo kelele za barabarani zikaingia na mwanga ukawa nyuma yake. Nilikaa kati ya matairi, nikatazama kwenye simu mbuzi mweusi aliyekuwa akicheua kwa utulivu, doa la bluu likikauka mgongoni.

"Mimi nimetulia," nikasema. "Viatu vyangu vimechakaa kwa kusimama mahali pamoja. Jioni napanda lori, na lori hilo limefungwa breki mpya. Nimelipekua duka zima, kila rafu, nikitafuta kitu cha kuondokea. Nimepata breki tu. Duka hili halina mpinzani kwa kusimamisha."

Nikaacha kurekodi. Niliogopa kumtazama, kisha nikamtazama. Baba alikuwa akisugua ndevu zake, macho yake kwenye sakafu.

"Klachi pia iko," akasema.

"Nini, aabo?"

"Hiyo ya kuondokea. Klachi. Bila klachi gari haitoki." Alisogeza kiti chake. "Mwambie iko. Lakini atulie kwanza, afungwe vizuri."

Nimeipindua sentensi hiyo kichwani mara nyingi tangu siku ile, na bado sijui kama alikuwa akinijibu au akitangaza bidhaa. Huenda hata yeye hajui. Nilifuta nilichorekodi, nikajisogeza ndani zaidi kati ya matairi, nikaanza upya.

"Mimi nimetulia," nikasema.