Mtu wa Chuma na Baba Mkwe

Nikilipita lile jumba la makumbusho hapa Tukuyu, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya tamaa.

Walitangaza kwamba wataonyesha filamu ya zamani, ya mtu wa chuma aliyeachwa mwezini. Baba mkwe wangu aliiona ujanani kwenye mashamba ya chai, juu ya shuka jeupe lililotundikwa nje. Mvua yetu haina adabu. Ilishuka katikati, mitambo ikafungwa, mtu wa chuma akiwa bado anakimbilia chombo cha kurudi duniani. Mzee hakujua kamwe kama alikiwahi. Sasa jicho moja limekufa na la pili linafuata. Akasema akiikosa safari hii, basi tena.

Kwetu Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Wa mjini wameshaacha, sisi wa kijijini Masoko wa umri wangu bado. Miaka yote ya ndoa yangu, akitokea njiani naingia migombani. Chakula chake namwachia mama mkwe. Lakini nami nilitamani kuijua hiyo filamu. Nikangoja taa zizimwe, nikaketi benchi la nyuma, karibu na mlango, kitenge hadi kwenye nyusi. Mzee alikuwa mbele na mkewe. Gizani hakuna aliyemwona mwenziwe.

Mtu wa chuma ndiyo kwanza aanze kukimbia, taa zikawaka. Mwenyeji wetu, bwana mmoja mwenye tumbo na kipaza sauti, alikuwa amenong'onezwa habari zetu.

“Wageni wetu, ile mila mliyoisoma pale ukutani, leo tunayo hai! Mama wa nyuma, simama. Mzee, geuka kidogo tu.”

Simu zikainuliwa. Watu wazima wakacheka. Mzee akajifunika koti kichwani, mama mkwe akamshika mkono waondoke. Mlango ulikuwa mmoja, na mimi nilikuwa hapo hapo. Nikatoka mbio kumpisha, nikajificha chooni nyuma ya jengo. Choo kilinuka, lakini kinyaa nilichokisikia hakikuwa cha choo. Nilimsikia mzee akipita, anajikwaa. Bwana yule akanifuata hadi mlangoni: “Samahani mama, ni elimu tu.” Elimu! Nilitema mate chini, nikaenda zangu.

Jioni nilikuwa jikoni namenya ndizi. Mzee akaketi nje, nyuma ya ukuta, akamwambia mkewe kwa sauti:

“Muulize wa huko ndani. Alikiwahi?”

Alidhani nilirudi nikaimaliza. Kumbe mimi nilichoona ni ukuta wa choo tu.

“Alikiwahi,” nikauambia ukuta. “Alipanda, wakarudi naye.”

Kisha mzee mwenyewe, bila kumpitia mkewe, akasema:

“Ndaga, mwanangu.”

Asante yake ya kwanza kwangu kwa kinywa chake, na nimeipata kwa uongo.