Bwana Shamba Alishiba Kwetu, Tukakosa Shilingi za Nzige

(Jina la mwandishi na kijiji chake tumevificha kwa ombi lake. – Mhariri)

Wakubwa shikamooni, na wadogo nawasalimu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, mkulima wa upande wa Ipole, Tabora. Nilisoma misheni hadi darasa la nne, ndiyo maana naweza kuwaandikia. Mume wangu yuko Tanga kwenye mkonge na barua zangu hajibu. Naishi na baba mkwe na binti yangu, Regina. Alikuwepo na mdogo wake, tulimzika mwezi uliopita.

Nzige walikula mtama wetu wote, wakamalizia majani ya mihogo. Serikali ikatangaza kuwa wenye mashamba yaliyoliwa watapewa shilingi za kununua chakula na mbegu, ila kwanza bwana shamba apite nyumba kwa nyumba ajionee nani hana kitu. Nilifurahi, siwafichi. Ghalani kwetu walibaki panya tu, na hao panya nao walikuwa wanahama.

Bwana shamba alifika jua kali, amechoka na baiskeli yake. Kwetu mgeni haondoki na njaa, na kwa baba mkwe hilo ni kubwa kuliko sala. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe hadi pwani, na njia nzima alilishwa na watu asiowajua. Mzee akaniita pembeni.

"Mama Regina, chinja yule kuku. Unga uliobaki songa wote."

"Baba, ni wa watoto."

"Sasa mgeni aondoke hivi hivi?"

Nikapika, maana kwetu mwanamke habishani na mkwewe. Watoto walikaa nyuma ya nyumba wakinusa mchuzi. Bwana shamba akala, akanawa, akashukuru. "Mzee, nyinyi mna heri, bado mna akiba. Nimepita kwa watu hawana hata chumvi." Mzee akatabasamu, akamwambia karibu tena. Shilingi zilipotolewa, majirani waliomwonesha vyungu vitupu walipata. Sisi hatukuitwa.

Haukupita muda mtoto wangu mdogo akafariki. Nikamwomba mzee niende bomani nikaseme ukweli. Alinijibu taratibu tu, "Ukamsimange mgeni kwa chakula alichokula kwangu? Ukienda, usirudi hapa." Neno lile linaniuma mpaka leo. Nataka kumchukia nashindwa, kwa sababu uji ninaompa yeye humpa Regina, akidai ameshiba.

Sasa tunaambiwa bwana shamba atapita tena kabla ya mvua, kuwaangalia walioachwa. Regina amevimba miguu. Nimemlimia jirani kibarua nikapata unga kidogo, nikauficha kwa ajili ya uji wake. Jana mzee aliniita, akasema, "Mwanangu, najua una unga. Mgeni wetu anakuja."

Regina alisikia, akafurahi. Anadhani safari hii mgeni atambakizia mchuzi.

Ndugu zangu, mlio wakwe na mlio na wakwe, nielekezeni kabla hajafika: nimpikie mgeni, au nimfunulie chungu kitupu mbele ya mzee, kisha nimchukue mwanangu tuondoke?