Santuri Niliyoicheza Polepole

Kwenye grupu yetu ya jazi hakuna anayeitwa jina lake. Tunaitana kwa mahali tunapokaa. Mimi ni Kitengela. Kuna Rongai, kuna Namanga, kuna Kisaju ambaye huandika mara moja halafu anapotea miezi, na wengine wachache. Wote wanakusanya santuri, zile sahani nyeusi za zamani. Jumapili baada ya kanisa inakuwa zamu ya mtu mmoja. Anaweka santuri yake kwenye mashine, anashika simu karibu na spika, anarekodi upande mzima na kututumia. Halafu anasema alichosikia. Sisi tunasikiliza, kila mtu kwake, na tunajibu.

Sheria ni moja tu. Huruhusiwi kusema "nzuri". Wala "tamu", wala "kali sana". Lazima useme umeona nini. Ukivunja hiyo sheria Rongai anakuuliza, "Nzuri kama nini? Kama chapati?" Bingwa wetu ni Namanga, mama mmoja anayesaidia wenye malori na karatasi zao pale mpakani. Kuna siku alisema juu ya mpiga piano fulani, "Huyu ni mtu anatafuta funguo kwa mkoba, na mvua imeshaanza." Niliirudia ile rekodi nikauona mkoba wenyewe, hadi zipu yake.

Rongai ndiye aliyeniingiza. Mimi ni fundi wa vioo. Shule niliachia kidato cha pili, nikajifunza kukata kioo kwa mjomba, na tulipokuwa tunamwekea Rongai madirisha ya nyumba yake aliwasha mashine ya santuri. Nikasimama pale na kioo cha sebuleni mikononi.

"Kijana, kwani kioo kinakushinda?"

"Hapana, mzee. Nangoja huyu amalize kuongea."

Aliyekuwa anaongea ilikuwa saksafoni. Rongai akacheka hadi akaketi, kisha akaniomba namba ya simu.

Kwetu ni mbali, magharibi huko. Hapa nimekodi chumba kimoja nyuma ya Kitengela, kule ambako ploti nyingi bado ni nyasi na mawe ya mipaka. Jumapili mchana majirani wangu huenda kuona watu wao, na mimi ninabaki na upepo unaochezea mabati. Sisemi ili nihurumiwe. Mimi ni mtu wa kupanga mambo mazuri kichwani. Niko na nyumba yangu humo, ina sebule yenye dirisha kutoka ukuta hadi ukuta, kioo nimekata mwenyewe, na grupu yote imekaa. Viti nimeshavipanga. Rongai karibu na spika kwa sababu atataka kushika vitu. Namanga dirishani. Sura yake sikuwa naijua, kwa hivyo kwenye ndoto alikuwa anatazama nje kila wakati.

Muda mrefu nilikuwa msikilizaji tu, maana sikuwa na mashine. Halafu familia moja ilihama, ikaniuzia yao pamoja na santuri moja isiyo na jalada, karatasi yake ya katikati imekwaruzwa hadi huwezi kusoma kitu. Niliicheza kila jioni nikitoka kazini. Nikaomba zamu. Nilitaka jambo moja, na nitalisema bila kuzunguka: nilitaka Namanga asikie kile nilichosikia. Mtu mmoja tu hapa duniani ambaye mimi na yeye tungekuwa tumeona kitu kimoja. Nikimpata huyo, nilifikiri, chumba hakitakuwa kikubwa hivi siku ya Jumapili.

Siku yangu ikafika. Nilifunga dirisha kwa sababu ya vumbi, nikarekodi, nikatuma. Kisha nikasema kwa sauti yangu, nimeifanyia mazoezi:

"Hii ni trombone, ile ya sauti nzito. Namwona mtu anaita ng'ombe jioni, anaita polepole, hajui kwamba wamesharudi wote na wamesimama nyuma yake. Na pale katikati anavuta pumzi ndefu, kama anataka kuacha kuita. Halafu haachi."

Grupu ikanyamaza. Nilidhani wamezama ndani. Mwishowe Rongai akatuma sauti.

"Kitengela, ebu angalia kando ya mashine yako. Kuna kaswichi kadogo?"

"Kako."

"Kanaonyesha ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Sasa kapeleke arobaini na tano."

Santuri nyingine, hata zikiwa kubwa kama yangu, zimetengenezwa zizunguke haraka zaidi, mara arobaini na tano kwa dakika. Nilikuwa sijui. "Hiyo si trombone, bwana," Rongai akaendelea, na nilisikia anajizuia, "ni tarumbeta. Na hapo hakuna mtu yuko na huzuni. Hapo ni watu wanasakata densi." Kisaju, yule asiyeandikaga, akatokea siku hiyo hiyo: "Ng'ombe wamerudi wakitimua mbio." Wote wakacheka. Nami nikatuma zile nyuso za kucheka, nyingi kuliko mtu yeyote. Namanga hakusema chochote.

Nilisukuma kaswichi. Ilikuwa kweli. Tarumbeta liliruka kama mtoto aliyeachiliwa kutoka darasani, ngoma zikalifuata, na mguu wangu ukaanza kugonga sakafu wenyewe. Ulikuwa muziki wa furaha na mimi ni mtu wa furaha, tungepaswa kuelewana. Lakini yule mtu wangu wa jioni hakuwepo tena. Nilikuwa nimemzoea. Nilikuwa nikifungua mlango wa chumba nafikiri, leo ataita tena. Sasa nikajua kwamba hakuna aliyekuwa akiita. Ilikuwa mashine iliyowekwa vibaya, na mimi.

Wiki hiyo tulikuwa tunaweka madirisha Kajiado mjini. Nilifanya kazi vizuri, nikatania watu kama kawaida. Kila tulipopumzika nilitoa simu. Grupu ilikuwa imeshaendelea na mambo mengine, mtu alikuwa anauliza bei ya sindano ya mashine. Namanga bado kimya. Nikajiambia kwamba ameona aibu kwa niaba yangu, na hiyo ndiyo iliyoniuma, si kicheko cha wale wengine.

Jumapili iliyofuata simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Sopa, Kitengela."

Alikuwa Namanga. Nilimjua kwa sauti, ingawa ilikuwa ndogo kuliko kwenye rekodi. "Ipa, mama," nikajibu. Salamu za Kimaasai nimezishika kazini.

"Mimi niko na santuri kama hiyo yako," akasema. "Tangu baba watoto akiwa hai. Tulikuwa tunaiweka wageni wakija. Alipoenda sikuigusa tena. Ni ya nyumba imejaa, hiyo. Ukiicheza peke yako inakucheka."

Nikasema pole.

"Asante. Sasa juzi nikaishusha spidi, nikaiweka kama yako. Kumbe huyo mtu anapumua."

"Pale katikati."

"Pale katikati. Kwa haraka huwezi kusikia."

"Lakini mama, niliicheza vibaya."

"Najua uliicheza vibaya. Sikupiga simu kukuambia uliicheza vizuri." Honi ya lori ikapita nyuma yake. "Yako iko hapo karibu? Iweke. Na mimi naweka yangu. Ya polepole."

Niliiweka. Niliegemeza simu kwenye mto, nikakaa kitandani. Zikacheza zote mbili, ya kwangu chumbani, ya kwake ndani ya simu, ikitangulia kidogo. Mwitaji akaita. Kule kwake akapumua, kisha akapumua kwangu. Nilitamani kumwambia kuhusu ile sebule na kiti chake cha dirishani, nikaona haya.

Mashine yake inakwenda mbio kuliko yangu, kwa hivyo yake ikaisha kwanza. Nikamsikia akiinua sindano.

"Yangu imefika mwisho," akasema. "Yako?"

"Bado kidogo, mama."

"Basi iache iishe. Mimi sikati."